Kabine ya Baministre

Nitabaambia hii mambo, mais musiniangalie mu macho, juu haya ingali inanikamata mpaka leo.

Ilikuwa kidogo tu kisha ya indépendance, uhuru ya inchi yetu, kwetu Mbau, wakati batu bote banabishana: kati ya Président na Premier Ministre, mukubwa ni nani? Donc batu ya kanisa bakaita mwalimu moja wa Beni, mutu wa Kasai, Swahili hajue hata kidogo, anasema kifaransa tu, aje kutuelezea vile inchi ya Italie inatawaliwa, maana banasema na sisi tunafuata njia karibu ile ile. Akatafuta mutu wa kufasiria. Mi nikasimama mbio (école nilifanya miaka mbili tu, mais mudomo nilikuwa nayo!), juu alisema: "Ukifanya muzuri, nitakupeleka mu bureau kule Beni, banatafuta interprète." Baba yangu akavaa koti yake ya ndoa, akaikala mbele kabisa, anaambia kila mutu: "Ule ni mwana wangu."

Mwanzo ikaenda muzuri. Batu banachagua parlement, parlement inachagua Président, Président anataja Premier Ministre. Kisha mwalimu akasema Premier Ministre anafanya "cabinet" yake. Ile neno, kwetu, ilikuwa tu kabine, choo ya nyuma ya nyumba. Ningemuuliza. Mais kuuliza mbele ya baba? Hapana! Nikasema na nguvu: "Kisha Premier Ministre anajenga kabine yake, na baministre bote banaingia mule!"

Mama moja akauliza: "Bote pamoja?"

"Bote, mama."

Mwalimu, anafurahi vile batu banasikiliza, akaendelea: parlement ikikosa kuamini cabinet, cabinet inaanguka, na kule Italie inaangukaka kila mara, mais Président yeye anabakia. Mi nafasiria yote, jasho inanitoka, maana nilianza kusikia kama kuna kitu hakiendi, mais kurudi nyuma namna gani? "Kabine inaanguka nabo ndani! Président anapona, juu yeye hakuingia."

"Yesu wangu!" Diacre, shemasi wetu, akapiga magoti, akaanza kuombea baministre bale bakufa kule Italie, na kanisa yote nyuma yake.

Mwalimu akaniuliza: "Banaomba nini?"

"Banaombea Italie, monsieur." (Ile haikuwa bongo, ilikuwa kweli.)

Hapo soldat moja, askari mwenye kujua kifaransa, akacheka mpaka akashika tumbo, akamuelezea mwalimu yote. Mwalimu hakupiga kelele. Aliniambia tu pole pole: "Cabinet ni baministre benyewe, bote pamoja. Hapana choo." Akachukua kofia yake, akaenda, na kazi yangu ya Beni ikaenda naye. Soldat akaambia kanisa: "Amekosa kufasiria!" Batu banacheka, banalia machozi. Nikatamani udongo ipasuke.

Ndipo baba akasimama na ile koti yake: "Munacheka nini? Mwana wangu hakukosa! Ni batu ya Italie ndio habajue kujenga!"

Yo, ile iliniumiza kupita kicheko yote.

Tangu ile siku, neno nisilojua nauliza, hata kama ni mbele ya batoto. Mais baba sikumuambiaka kweli. Siku moja radio ikasema cabinet ya Italie imeanguka tena, baba akanipiga mu bega, anafurahi: "Unasikia? Ulisema ukweli!"

Nikaangalia chini. "Ndiyo, baba."