Lakiri ya Mzee Faki

Siku yangu ya kwanza ya fildi, mafunzo ya vitendo kazini, niliingia getini saa moja kasoro, na ofisi hufunguliwa saa mbili. Nilikuwa nimetoka nyumbani Mabawa kwa miguu mpaka Usagara, viatu vipya vikinila kisigino. Mlinzi akaniangalia juu mpaka chini.

"Wewe umekuja kufungua ofisi au kuinunua?"

"Nimekuja kujifunza kazi, kaka."

"Basi kaa. Kazi haijaamka bado." Akanipisha kiti chake.

Wenzangu mnaoanza fildi mwaka huu, najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wastaafu, na mimi nilikaa wiki nane tu. Lakini kosa nililolifanya linaweza kuwaangusha kabla hamjamaliza mwezi, ndiyo maana sikusubiri mvi.

Kampuni ilikuwa ya usafirishaji wa mizigo. Mimi nasoma cheti cha usafirishaji. Matokeo yangu ya kidato cha nne hayakuwa ya kutangaza msikitini, ila ndoto sikupungukiwa. Nilishachagua mpaka rangi ya malori yangu, buluu ya bahari yenye mstari mweupe. Mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba Mwanaidi anafanya kazi ofisini. Kilichobaki kati yangu na cheti kilikuwa fomu ya tathmini, ambayo Meneja wa Usafirishaji huijaza na kuitia mhuri mwisho wa fildi. Asipoijaza, unarudia mwaka.

Wiki mbili za mwanzo nilikuwa ofisini kwa Meneja, nikipanga majalada. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nilipomuuliza jambo lilelile mara ya tatu, aliweka kalamu chini akasema, "Binti, swali la kwanza ni kujifunza. La pili ni kuhakikisha. La tatu hukuandika." Tangu hapo daftari halikunitoka mkononi. Na ninyi lichukueni.

Kisha nikahamishiwa yadi, chini ya Bi. Salma, Msimamizi wa Yadi. Huko ndiko makontena hupakiwa marobota ya mkonge yanayovuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa. Kontena likishajaa, milango hufungwa kwa lakiri, kipande cha chuma chenye namba ambacho kikishabanwa hakifunguki mpaka kikatwe. Namba yake huandikwa kwenye hati ya mzigo. Mpakani wataisoma tena, na ikitofautiana na hati, maana yake kontena limefunguliwa njiani.

Bi. Salma alinifundisha kwa kunishika kidole na kukiweka juu ya chuma.

"Iguse. Isome kwa sauti, tarakimu moja moja. Halafu ndiyo unaweka saini penye 'imehakikiwa'. Hata mimi nikikutajia, usiandike."

"Hata wewe, bi?"

"Mimi ndiyo kabisa. Mimi nina haraka kuliko wote."

Dereva niliyemzoea ni Mzee Faki, Mpemba mwenye kofia safi isiyoshika vumbi la yadi. Aliniita Afisa, kwa kunitania. Nikimwamkia shikamoo, ataitika marahaba ndefu, kisha: "Afisa, leo umekunywa chai au umekunywa ndoto tu?" Watu wa yadi wakicheka, na mimi nikicheka nao.

Alasiri moja ya wiki ya tano alikuwa keshafunga milango na kubana lakiri mwenyewe. Nilipofika na hati, yeye yuko kwenye usukani, injini inanguruma.

"Andika, mjukuu wangu, nimeshaisoma mie." Akanitajia namba yote, ya mwisho nane.

Nilisimama na kalamu. Hatua kumi tu kufika nyuma ya lori. Lakini kwetu mtu mzima akishakwambia kitu, ukienda kukichungulia mwenyewe ni kama umemwita muongo, tena mbele ya watu. Miguu ilikataa. Niliandika nane, nikaweka saini penye "imehakikiwa", nikampungia mkono.

Asubuhi yake simu ikaja kutoka Horohoro. Lakiri ya mlangoni inaishia na tatu, hati inasema nane. Lori limezuiwa, na Mzee Faki kalala ndani yake huko mpakani.

Meneja alituita mimi na Bi. Salma. Hati ilikuwa mezani. "Hapa pamesainiwa kwamba namba ilisomwa mlangoni," alisema. "Basi lakiri imebadilishwa njiani. Mzee huyu akirudi anasimamishwa kazi, na suala lake linakwenda polisi."

Bi. Salma alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa naiona fomu yangu ya tathmini kwenye trei ya barua, juu kabisa. Nilichokumbuka ni ile marahaba yake ndefu, nikaifikiria ikiitikiwa kituoni, kwa askari.

"Meneja, sikuisoma," nikasema.

"Hukuisoma nini?"

"Lakiri. Nilisaini bila kwenda nyuma."

Hakupandisha sauti. Alimgeukia Bi. Salma. "Sanduku."

Bi. Salma akaleta sanduku la lakiri ambazo hazijatumika. Iliyoishia na nane ilikuwa ndani, nzima. Iliyoishia na tatu ndiyo haikuwepo. Lakiri ilikuwa ileile iliyotoka hapa yadini. Mwizi alikuwa saini yangu.

Meneja akapiga Horohoro, akaweka simu kwenye spika, Mzee Faki akapewa aongee. Kisha Meneja akaniuliza, "Hukuisoma. Hiyo nane uliitoa wapi?"

Nilijua nikijibu, dereva anayeona tatu kuwa nane atapokonywa usukani. Nimekwisha kumtia wizi, sasa nimtie na upofu?

"Macho nilikuwa nayo mawili, Meneja," nikasema. "Sikuyatumia."

"Sikukuuliza hayo."

Simu ikakohoa. "Mwache mtoto, Meneja. Nilimtajia mie. Tatu na nane siku hizi machoni mwangu zimekuwa ndugu."

Bi. Salma alifuta uso kwa ncha ya mtandio.

Hati ilirekebishwa kwa barua, lori likavuka. Mzee Faki aliporudi alipelekwa kupimwa macho, akapewa miwani. Njia ya Mombasa akapewa dereva mwingine. Yeye akabaki na safari za yadi na bandarini, pale pale mjini. Kwenye fomu yangu, penye uangalifu, Meneja aliandika: "Alisaini asichokiona. Alikiri mwenyewe kabla ya kuulizwa." Akagonga mhuri. Alama zilishuka, cheti kikabaki. Sikuomba abadilishe hata neno.

Nawasihi, mnaokwenda kuanza. Heshima mliyolelewa nayo msiiache getini. Mwamkieni kila mkubwa, mpokeeni mzigo, mpisheni kiti. Kisha zungukeni nyuma ya lori mkasome. Mkiona aibu, semeni, "Babu, nimeagizwa niiguse mwenyewe." Hakuna mzee aliyevunjika kwa neno hilo.

Siku ya mwisho nilimfuata Mzee Faki kumuaga. Alikuwa akisugua miwani kwa kanzu. Nikamwomba radhi.

"Radhi ya nini? Ulinistahi."

"Nilikuponza, babu. Na njia umenyang'anywa."

Akaivaa miwani, akanitazama muda mrefu, kama ananisoma mara ya kwanza. "Macho yangu yalianza kwenda mwaka jana, Mwanaidi. Kulisema mwenyewe mie niliona haya. Nikawa nangoja mtu aniulize."

Mwaka mzima alikuwa anangoja. Na sote tuliofika dirishani kwake tulimpa shikamoo, tukapita.