Mtu Aliyehukumiwa kwa Kifo cha Mama

Mama aliuawa jioni, msimu wa kuvuna mahindi, akiwa jikoni kwake amebandika maharage. Kijiji chetu kiko mbele ya Laela, ndani kidogo kutoka barabara ya Tunduma, na wakati huo mimi nilikuwa nimeshaolewa, naishi Izia, mjini Sumbawanga, nashona sare za shule. Kaka yangu ndiye aliyenipigia simu asubuhi. Alisema nije nyumbani, mama anaumwa sana. Alivyolivuta lile neno "sana", nilijua ameshakufa. Nilipofika nilikuta ameoshwa, amefunikwa kanga mbili, na hakuna aliyekubali nimfunue shingo.

Mama alikuwa mjane. Baba alimwachia shamba la bondeni, lenye udongo mweusi unaoshika maji hadi kiangazi, na shamba hilo alililima mwenyewe. Alikuwa mkali kwenye mazao yake. Wanunuzi wa Laela walimfahamu, maana hakukubali debe lijazwe mpaka liwe na kilele. Alikuwa akipitisha kiganja juu ya debe na kuisawazisha nafaka mbele ya macho yao.

Mdogo wake baba, yaani baba yetu mdogo, alilitaka shamba lile. Alisema ni mali ya ukoo na mwanamke aliyekuja kwa kuolewa hawezi kubaki nalo. Walifikishana kwenye baraza la kata, mama akashinda. Baada ya hapo maneno ya uchawi yakaanza kuzunguka kijijini: kwamba macho ya mama ni mekundu, kwamba mtoto wa fulani alikufa baada ya kupita kwake. Macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni, kama ya wanawake wote wa rika lake. Lakini sisi tunaotoka Ufipa tunajua maneno ya namna hiyo yakishaanza yanaelekea wapi. Nilimwambia mama aje kukaa kwangu mjini. Alicheka, akaniuliza nani atapalilia.

Polisi walikuja wakachukua watu wawili. Mmoja alikuwa baba mdogo. Mwingine alikuwa mfugaji, Msukuma, ambaye familia yake ilihamia na ng'ombe wao pembezoni mwa kijiji nikiwa bado msichana. Ng'ombe wake waliwahi kuingia kwenye mahindi ya mama, wakagombana hadharani, mama akimwita mwizi na yeye akijibu kwa Kisukuma. Kijiji kizima kilisikia ule ugomvi. Kilichosahaulika ni kwamba walipatana. Msimu uliofuata alikuja na maksai wake akamlimia mama shamba kufidia mahindi yaliyoliwa. Nilikuwepo nyumbani siku hiyo. Alikaa kwenye kigoda akanywa uji, akatuambia, "Ng'ombe ile imekosa. Mimi italima." Kiswahili chake kilikuwa hicho, maneno machache yaliyopangwa kwa shida, halafu tabasamu kumalizia yaliyobaki.

Baba mdogo hakukaa ndani muda mrefu. Alikuwa na jamaa zake waliojua kuzungumza maofisini, na wakili aliyetoka Mbeya, na tukaambiwa hakuna ushahidi wa kumshikilia. Alirudi kabla hatujafanya misa ya kuhitimisha msiba, na siku ya misa alikaa benchi la mbele pamoja nasi. Mfugaji alibaki mahabusu.

Alibaki huko miaka. Kila kesi ilipotajwa tuliambiwa upelelezi haujakamilika, na baadaye upelelezi ulipokamilika tukaambiwa tusubiri kikao cha jaji. Mwanangu wa mwisho, ambaye nilimbeba mgongoni kwenye maziko ya mama, alikuwa tayari anaandika jina lake shuleni siku nilipoitwa kutoa ushahidi.

Katika miaka hiyo yote mimi nilitaka mtu huyo anyongwe. Sitasema vinginevyo. Nilikuwa nikikaa kwenye cherehani na kuwaza kamba. Sikuwa na hakika kama ni yeye, lakini ndiye aliyekuwepo, na hasira yangu ilihitaji mtu mwenye uso. Kaka alisema hivyo hivyo, kwa sauti, mbele ya watu. Tulikuwa tukielewana sana wakati huo.

Wakili wa serikali alikuwa kijana mpole. Aliniuliza kama mama alikuwa na ugomvi na mshtakiwa. Nilisema waliwahi kugombana kwa sababu ya ng'ombe, wakapatana. Kisha nikaanza kueleza habari za shamba la bondeni na baba mdogo. Nilikuwa nimeshazieleza kituoni pia, mwanzoni kabisa. Wakili akanikatiza kwa heshima.

"Mama, tubaki kwa mshtakiwa aliyeko hapa mbele."

Nilimtazama jaji nikidhani atasema niendelee. Hakusema kitu, na sikuona kalamu yake ikisogea.

Shahidi mkubwa alikuwa jirani yetu, mama mmoja mcha Mungu ambaye sidhani alikusudia uongo. Alisema giza lilikuwa limeanza kuingia alipomwona mshtakiwa akikimbia kutoka upande wa kwetu. Alipoulizwa alimtambuaje, alisema kwa koti lake refu. Msimu ule baridi ya Ufipa inakata, na nusu ya wanaume wa kijiji wanavaa makoti marefu ya mtumba. Wakili wa utetezi alikuwa amepewa kesi na mahakama, na alionana na mteja wake kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hiyo kwenye korido. Alimuuliza yule mama maswali mawili matatu, akakaa.

Ndipo yakaletwa maelezo ambayo mfugaji alidaiwa kuyakiri polisi. Yeye alisema, kupitia mkalimani, kwamba alipigwa, kwamba hajui kusoma, kwamba alishikwa kidole kikawekwa kwenye wino. Jambo hilo lilisikilizwa peke yake kwa siku nzima, askari naye akaeleza, na jaji akaamua maelezo yapokelewe. Yakasomwa kwa sauti. Yalikuwa Kiswahili safi, cha kiofisi. "Nilidhamiria kuyakatisha maisha ya marehemu kutokana na chuki niliyokuwa nayo dhidi yake." Maneno hayo aliandikiwa mtu aliyetuambia ng'ombe ile imekosa, mimi italima. Nilimgusa kaka, nikamnong'oneza kwamba huyu hawezi kusema hivi. Kaka alikuwa anatazama mbele. Akaniambia ninyamaze, watatutoa nje.

Siku ya hukumu ukumbi ulijaa. Jaji alisoma kwa muda mrefu, na alipofika mwisho alishusha sauti. Alisema kwa kosa hili sheria ina adhabu moja tu, na yeye hana nafasi ya kuchagua. Akatamka kwamba mshtakiwa atanyongwa hadi afe. Mkalimani alisita, kisha akaisema hukumu kwa Kisukuma, kwa ufupi, akiangalia chini. Mfugaji akamjibu kitu. Jaji akauliza amesema nini.

"Anaomba kukaa, mheshimiwa," mkalimani akasema.

Wakamruhusu akae kidogo, kisha askari wakamwinua.

Nje, kaka alinikumbatia akasema imekwisha. Ndugu walikuwa wakipeana mikono. Nilingoja nafuu ambayo watu walikuwa wameniahidi miaka yote ile, kwamba haki ikitendeka moyo unatulia. Haikuja siku ile. Nilirudi Izia nikaendelea kukata vitambaa.

Baada ya miezi kadhaa mke wa mfugaji alikuja nyumbani kwangu. Nilimfahamu kwa sura tu. Alikuwa akiuza maziwa kijijini, na kwa sababu ya biashara Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mumewe. Nilimkaribisha ndani kwa kuwa sikujua la kufanya. Alikaa ukingoni mwa kochi, mikono juu ya magoti.

"Sikuja kuomba msamaha, mama," alisema. "Nikiomba msamaha nitakuwa nimesema alifanya. Nimekuja kukuuliza. Ulikaa mahakamani, uliyasikia yote. Unaamini ni yeye?"

Nikamwambia sijui.

"Kama wewe mwenye msiba hujui," akasema, "wale waliomhukumu walijua nini?"

Hakulia. Alikunywa chai niliyompa, akaimaliza, akaniomba kitu kimoja: nifuatane naye kwa wakili. Nilikubali. Mume wangu hakupenda, lakini hakunizuia.

Wakili wa utetezi alitupokea vizuri. Alieleza kwamba rufaa imeshapelekwa kupitia gereza, na kwamba majaji wa rufaa wataangalia yale tu yaliyoandikwa kwenye mwenendo wa kesi. Jambo jipya halipokelewi hivi hivi. Nikamwambia habari ya baba mdogo si mpya, niliisema nikiwa kizimbani na nikakatizwa. Akafungua jalada, akatafuta ushahidi wangu, akausoma taratibu kwa kidole. Ulikuwa nusu ukurasa.

"Haimo," alisema.

Palikuwa na habari ya ng'ombe. Palikuwa na neno ugomvi. Hata kupatana kwao hakukuandikwa. Aliniambia ningeweza kwenda polisi kuandika maelezo mapya kuhusu baba mdogo, wakiona yanafaa watachunguza. Nilikwenda. Askari aliyekuwa zamu alinisikiliza, akaniuliza kama kuna mtu aliyemwona huyo baba mdogo siku ile. Nilisema hapana. Akasema kesi ya kifo hicho imeshapata mwenyewe.

Kaka alipata habari kabla sijamwambia. Alikuja mjini, akakataa kukaa. Aliniuliza ninataka nini, yule mtu atoke arudi kijijini? Nikasema nataka aliyemuua mama ajulikane. Ndipo kaka akaketi, sauti ikamshuka.

"Wewe unaishi Izia," alisema. "Mimi shamba langu limepakana na la baba mdogo. Watoto wangu wanapita mbele ya mlango wake kila asubuhi. Lazima awe ni yule Msukuma. Unanielewa? Lazima awe yeye."

Nilimwelewa. Hapo ndipo nilipokata tamaa kabisa, zaidi ya siku ya hukumu. Kumbe kaka naye alikuwa akijua, au akishuku, na alikuwa ameamua kumweka mtu mwingine mahali pa ukweli kwa sababu huyo mwingine hana ndugu wenye nguvu wa kumtisha.

Rufaa ilikataliwa. Mke wa mfugaji alinipigia simu kunijulisha, sauti yake kavu. Majaji waliona maelezo yale yalipokelewa kihalali, na kwamba yanathibitishwa na yule jirani. Mfugaji alihamishiwa gereza la mkoa mwingine, mbali, ambako huwekwa waliohukumiwa kifo. Mkewe alifanikiwa kwenda kumwona mara moja. Aliniambia amekonda, na kwamba wanaishi wakisikiliza. Zikisikika asubuhi hatua za viatu zisizo za kawaida, wote wananyamaza, mpaka zipite.

Watu wengi huniambia siku hizi serikali hainyongi mtu, ni miaka mingi imepita, kwa hiyo nisijisumbue. Wanasema huenda siku moja Rais akambadilishia iwe kifungo cha maisha. Wanasema hivyo kama wanaonipa habari njema. Mimi huwaza mtu ambaye hafi wala hatoki, na adhabu ambayo wenye nchi hawataki kuitekeleza wala kuifuta. Nikiulizwa kama nataka anyongwe, sitaki. Nikiulizwa kama nataka aachiwe, nako sina uhakika, maana huenda kweli ndiye. Hata hilo wameninyang'anya, uwezo wa kumchukia mtu mmoja kwa moyo wote.

Mkewe alihama. Shemeji zake walichukua ng'ombe na watoto wakaelekea upande wa Katavi, na yeye akawafuata. Kwa muda tulipigiana simu. Sasa namba yake haipatikani.

Mwaka juzi nilirudi kijijini kumzika shangazi. Baba mdogo alikuwepo, amezeeka, anatembelea fimbo. Shamba la bondeni analilima yeye sasa, kaka hakulipigania. Alinijia moja kwa moja katikati ya watu, akaninyooshea mkono, na kabla sijafikiri mdomo wangu ulishasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza watoto hawajambo. Nilisema hawajambo.

Wiki chache zilizopita tulikuwa na sala ya jumuiya kwa jirani yangu hapa Izia. Baada ya sala mazungumzo yaliangukia adhabu ya kifo, kwa sababu ilikuwa ikijadiliwa redioni. Kiongozi wa jumuiya alisema uhai ni wa Mungu. Mama mmoja akasema hao wanaotaka ifutwe hawajawahi kuuliwa mzazi. Kisha wote wakanikumbuka, wakanigeukia, wakingoja nimuunge mkono.

Niliwaambia kwamba yuko mtu amehukumiwa kunyongwa kwa ajili ya mama yangu, na mimi binti yake sijui kama ndiye aliyemuua, na hakuna mahali pengine pa kuuliza.

Mwenye nyumba aliinuka kukusanya vikombe. Kiongozi akatazama saa yake, akauliza Jumamosi ijayo tutasali kwa nani.