Kadi Tulizoiandikia Bendi ya Radi

Ninyi mliokuwa watoto wakati nyumba kumi zinategemea redio moja, mtanielewa nikisema kwamba Jumamosi ya utoto wetu ilikuwa na saa moja tu ya maana. Kwetu Nyamigogo saa hiyo ilikuwa saa tisa alasiri. Kufikia hapo tulikuwa tumeshamaliza yote. Uwanja umefagiwa, maji yamechotwa, na betri za redio zimeanikwa juu ya bati tangu asubuhi ili zijikongoje mpaka mwisho wa kipindi. Tulizianika na kuzianua kwa uangalifu kuliko mahindi. Kisha tunajipanga kwenye baraza la duka la Mzee Hamisi, kila mtu na kiazi chake cha kuchoma, na mtangazaji anaanza kusoma nyimbo kumi zilizopendwa wiki hiyo, kuanzia wa kumi kupanda hadi wa kwanza. Aliyekohoa alitazamwa vibaya.

Nyimbo hizo zilichaguliwa kwa kadi. Unaandika jina lako, kijiji chako na wimbo unaoupenda, unatuma kwa posta, halafu unasubiri. Leo mwanangu Jesca akituma ujumbe na usijibiwe kwa dakika mbili anadhani mtu amefariki. Sisi tulisubiri wiki tatu, na katika wiki hizo tulipalilia, tulichapwa, tulipona surua, bado tunasubiri.

Bendi yetu iliitwa Radi. Walikuwa vijana watano wa Biharamulo mjini, nywele zimetuna kama vichuguu, suruali pana zinazofagia vumbi. Bendi nyingine zilipiga rumba. Wao walisema wanapiga roki, na gitaa lao lilikoroma kama lori linalopanda mlima na magunia mengi. Jirani yetu Bibi Yuliana, ambaye kama wengi wa kwetu hakujali tofauti ya r na l, aliwaita Ladi, na alisema muziki wao ungefaa kufukuzia ngedere shambani. Lakini wimbo wao wa "Roza wa Nyantakara" ulipoingia kwenye ile orodha, wa kumi, mwisho kabisa, mimi na rafiki yangu Siwema tuliruka mpaka viazi vikatutoka mikononi. Hatukuwa tumewahi kusikia jina la kijiji cha wilaya yetu likitoka ndani ya redio isipokuwa kwenye habari za pamba.

Siwema alikuwa binti wa Mzee Hamisi. Tulikaa dawati moja, tukatumia kalamu moja, na tulikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Wiki ile ile mvua ilipenya dukani kwao ikaloanisha boksi la kadi. Zilipokauka zilikuwa zimepinda kama maganda ya ndizi, hazifai kuuzwa tena.

"Zichukueni," Mzee Hamisi alituambia, "mjifunzie mwandiko."

Kadi zile zilikuwa zimechapwa stempu tayari. Mimi na Siwema tulitazamana, na hakuna aliyehitaji kusema neno.

Kulikuwa na tatizo moja. Kila Jumamosi mtangazaji alikumbusha: mtu mmoja, kadi moja. Kwa hiyo tulihitaji watu. Tuliandika jina langu, Adela, na la Siwema. Kisha wazazi wetu, wajomba, walimu, katekista, mwenye mashine ya kusaga. Bibi Yuliana naye tukampigia kura bila kumuuliza. Siwema aliandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko ubadilike, mimi nikalaza herufi zangu kama zimepigwa na upepo. Kijiji kikaisha, kadi bado zipo. Ndipo nilipowatazama ng'ombe wa baba wakirudi zizini. Kwetu mtoto huandikwa kwa jina lake na la baba yake, na baba yangu aliitwa Leonidas. Nikaandika: Bihogo Leonidas. Nikaandika: Gaju Leonidas. Hata mbwa wetu Simba alipata kadi yake.

"Roza wa Nyantakara" ukatoka wa kumi ukawa wa nne. Jumamosi iliyofuata ukawa wa kwanza.

Siku hiyo baba naye alikuwa barazani, anasokota kamba. Mtangazaji alifurahi sana, akasema wapenzi wa wimbo huu wanatoka hasa kijiji kimoja, akaanza kusoma baadhi ya majina. Nilisikia la katekista. Nilisikia la Mzee Hamisi mwenyewe, ambaye aliinua kichwa. Halafu, kwa sauti nzuri ya watu wa redio, likaja: "Bihogo Leonidas, Nyamigogo, Biharamulo."

Baba hakuacha kusokota kamba yake.

"Adela," alisema taratibu. "Bihogo ameanza kuandika lini?"

"Sijui, baba."

"Basi nitamuuliza kesho wakati wa kumkamua."

Aliinama tena, nikaona mabega yake yanatikisika. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Hayakuishia hapo. Baada ya siku chache mwalimu mkuu alitusomea barua mstarini. Bendi ya Radi walikuwa wanakuja Nyamigogo kuwashukuru wapenzi wao. Watapiga bure kwenye uwanja wa shule, mchana, na kila aliyetuma kadi atapewa picha ya bendi. Watoto walipiga makofi. Siwema alinishika mkono akaubana mpaka kucha zikaniingia.

Walikuja juu ya lori la pamba, na jenereta, na spika mbili kubwa kama kabati. Uwanja ulijaa. Watu walitoka mpaka ng'ambo ya mto, akina mama na vitoto mgongoni, wazee na viti vyao. Mpiga gitaa, kijana mwembamba aliyeitwa Faustini, alishika kipaza sauti kabla ya kupiga chochote. Nilitegemea maneno ya majigambo. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mwezi uliopita," alisema, "tulikuwa tumeshakubaliana kuvunja bendi. Mpiga ngoma wetu alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Ndipo tukasikia majina yenu. Nikawaambia wenzangu, kama kijiji kimoja kinatupenda hivi, tunavunjaje?"

Watu wakashangilia. Mimi nikatazama chini.

Akatoa karatasi. Majina yaliyosomwa redioni alikuwa ameyaandika yote, na akaanza kuita. Katekista akapita mbele huku akisema hakumbuki kutuma kadi, lakini picha akaichukua. Mwenye mashine hivyo hivyo. Kisha Faustini akaita, "Bihogo Leonidas!"

Hakuna aliyepita mbele. Akarudia. Kutoka nyuma mtu akapaza sauti, "Huyo yuko malishoni!" Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Wanaume walishikana mabega. Faustini alitabasamu kwanza, kama mtu anayesubiri kuelezwa, halafu mwenzake wa gitaa la besi akamnong'oneza kitu na tabasamu likamtoka. Alitazama ile karatasi kama mwanafunzi anayetazama mtihani alioanguka.

Sijui ni nini kilichonisukuma. Siwema anasema alinisukuma yeye. Nilijikuta mbele ya lori, machozi yananitiririka, nikasema ni sisi, mimi na huyu, tuliandika zote mchana mzima, mpaka kwa mkono wa kushoto. Faustini alishuka akachuchumaa mbele yetu.

"Mliandika kadi ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Na za kweli ni ngapi?"

"Mbili," nilisema. "Yangu na ya Siwema."

Nyuma ya Faustini mpiga ngoma alikuwa anafungua kamba za ngoma yake, kama aliyekwisha kuamua kwenda zake kiwanda cha pamba. Faustini akasimama, akamgeukia.

"Acha hizo kamba. Tuna wapenzi wawili hapa. Wamepoteza mchana mzima kutuandika kwa mikono miwili miwili. Tuwapigie."

Wakatupigia. Tulisimama mbele kabisa, watu wawili tu rasmi, na lile gitaa lilinguruma mpaka nikalihisi kwenye meno. Wimbo wa kwanza watu walitazama. Wa pili, vijana wakaingia. Wa tatu nilimwona Bibi Yuliana, kanga imefungwa kiunoni, anarusha mikono juu kama ng'ombe wa kwetu wanavyobeba pembe, anacheza kikwetu juu ya roki, na muziki ukakubali. Mpaka jua linaelekea kuzama hakuna aliyeondoka, na yule mpiga ngoma alikuwa amevua shati.

Adhabu yangu baba aliitoa asubuhi yake. Kwanza nichunge ng'ombe Jumamosi zote za mwezi ule, saa ya kipindi ikiwamo. Pili niende kila nyumba ambayo niliitumia jina, niombe radhi. Kwa Bibi Yuliana nilifika nikitetemeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ulinitaja vizuri huko kwenye ledio?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi safari nyingine niulize kwanza wimbo ninaoutaka."

"Unataka upi?"

"Huo huo wa Ladi," alisema, akaendelea kumenya ndizi.

Kadi zetu zilikuwa zimekwisha, na "Roza wa Nyantakara" ukateremka hadi wa tisa. Lakini haukutoka. Ulikaa pale wa tisa kwa wiki nyingi, na waliokuwa wakituma sasa walikuwa watu wenyewe, wenye majina yao. Bendi haikuvunjika. Walipiga kwenye harusi na sikukuu, huku kwetu na Ngara, mpaka tukakua tukaolewa, na spika zao zikazidiwa na mashine mpya.

Nimeyasimulia haya kwa sababu mwaka huu Radi wametoa wimbo mpya. Waliobaki ni watatu. Faustini amepita miaka sabini na gitaa analipiga akiwa ameketi. Wimbo unaitwa "Bado Nipo Zamu," na nilipousikia kwa mara ya kwanza nikiwa nyumbani kwangu hapa Biharamulo mjini, mwalimu mstaafu mwenye miwani, niliacha mchele ukaungua. Redio moja ya mkoani ina orodha yake ya nyimbo kumi za wiki, na watu hupiga kura kwa simu. Radi waliingia wa kumi.

Jesca, ambaye anajua kila kitu kinachohusu simu na hajui kuwasha jiko la mkaa, aliniona nahangaika na vitufe.

"Mama, nipe nusu saa. Nafungua akaunti mia, wazee wako wanakuwa wa kwanza leo leo."

Sitadanganya, nilishawishika. Nilimpigia Siwema, ambaye ameolewa Ngara na ana wajukuu sita. Nilimweleza. Alicheka mpaka akakohoa.

"Adela, wewe ulikuwa mbele ya lori. Ulimwona Faustini uso."

"Nilimwona."

"Basi mimi napiga moja. Na wewe piga moja."

Tukapiga mojamoja. Baada ya hapo nikatoka nje, nikafanya kazi ambayo vijana wa siku hizi wanaiogopa, nikaongea na watu ana kwa ana. Niliwaomba akina mama wa kwaya wausikilize kwanza, ndipo waamue. Niliwaomba makondakta wa stendi na wauguzi wa zamu. Wengine walikataa. Kijana mmoja aliniambia wimbo una dakika tano, nani ana muda huo? Nilimwambia sisi tuliusubiri wimbo wiki tatu. Akanitazama kwa huruma. Siwema naye huko Ngara aliwashika waumini wa msikiti wao na majirani zake Wakatoliki bila ubaguzi.

Wimbo ukawa wa nane. Wiki iliyofuata wa sita. Wiki ya tatu ukarudi wa tisa, na ya nne haukusomwa kabisa.

Jesca alisikitika kuliko mimi. Nilimchukua twende kumsalimia mzee Faustini, nikidhani tunakwenda kumfariji. Tulimkuta anapalilia migomba yake, kofia imerudishwa nyuma.

"Shikamoo, mzee. Pole na orodha."

"Marahaba, mwanangu. Pole ya nini? Wa sita!" Aliegemea jembe lake. "Nimekuwa nikilitamka neno hilo wiki mbili, halijanichosha. Wewe ulipiga kura ngapi?"

"Moja."

"Ndiyo maana nimelala vizuri," alisema, akamwomba Jesca amshikie jembe ili akate mkungu atupe ndizi za kwenda nazo.

Zamani wimbo ulichelewa kufika na ulichelewa kuondoka. Ukishafika unakaa na wewe shambani, kisimani, kwenye harusi ya dada yako na kwenye ya binti yake. Sasa zinafika mia kwa siku, kila mtu na zake masikioni, na watu wanne ndani ya chumba kimoja wanatikisa vichwa kwa nyimbo nne tofauti. Siwalaumu. Wana vingi vya kuchagua, na sisi tulikuwa na baraza moja. Ila baraza lile nalikumbuka, jinsi tulivyokuwa tukishusha pumzi wote kwa pamoja mtangazaji akimaliza kusoma.

Juzi nilikuwa sokoni nanunua nyanya. Muuzaji, binti wa miaka ishirini hivi, alikuwa anapanga mafungu yake huku akiimba polepole ubeti wa pili wa "Bado Nipo Zamu." Maneno alikuwa anayakosea, pengine hata hajui ni wa nani. Nilikuwa na haraka, na mfuko ulikuwa mzito. Nikauweka chini, nikasubiri mpaka akaufikisha mwisho.