Fundi Fumua na Mwalimu wa Kwenye Simu

Jina alilopewa na wazazi wake lilisahaulika zamani. Mtaa mzima ulimwita Fundi Fumua, kwa kuwa hilo ndilo neno lililokaa mdomoni mwake tangu enzi zile mtu alipopimwa kwanza ndipo akashonewa, si siku hizi ambapo watu huvaa nguo zilizokatwa kwa mabega ya wasiowajua. Mwanafunzi akimletea suruali, hakumtazama usoni. Aliigeuza nguo ndani nje, akapitisha ukucha juu ya mshono, akatupa wembe mezani. "Fumua." Mbele ya wateja, hata mbele ya mchumba wa mtu. Wapo waliofumua huku wanalia, mpaka kitambaa kikatoboka. Lakini waliovumilia walitoka mafundi, na mishono yao ilidumu kuliko walioivaa.

Sasa ilibaki cherehani moja, na kazi yenyewe ni kukunja mapindo ya nguo za dukani.

Binti yake wa pekee aliolewa ng'ambo na akafia huko, akaacha mtoto wa kike anayetambaa. Mtoto alilelewa na shangazi yake, akakua na lugha ya huko tu. Siku moja shangazi akatuma ujumbe uliotafsiriwa na simu: mtoto ameanza kuuliza mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Je, babu anaweza kumsimulia kwa simu ya video, Jumapili ya mwisho wa mwezi?

Fundi akaenda duka la jirani, kwa Kidole. Huyu alikuwa mwanafunzi wake, aliyepata jina hilo siku sindano ya cherehani ilipompita kidoleni. Siku hizi anauza makava ya simu.

"Simu itakutafsiria tu, fundi," Kidole alisema. "Wewe sema chako, yeye atasikia kwa lugha yake."

"Mjukuu wangu asimsikie mama yake kwa mdomo wa simu."

"Haya. Basi kuna mwalimu humu humu, akili bandia. Unaongea naye, ukikosea anakurekebisha."

Lugha ile Fundi aliijua kwa macho. Alijifundisha mwenyewe kwa magazeti ya huko yaliyokuja yamefungia vitambaa, wala hakuwahi kuisema mbele ya mtu. Akaketi, akakohoa, akatamka sentensi yake ya kwanza. Mwalimu akamkatiza, kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka, akamrekebisha. Akaanza tena, akakatizwa tena. Wateja wakacheka.

"Mkuki kwa nguruwe!" Kidole akasema, naye anacheka.

"Hiki kidude hakina adabu. Kizime."

"Nimzime mwalimu?"

"Zima kusahihisha. Kiongee nami kama watu."

Kidole alishika simu, asibonyeze. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Fundi, sisi hukutuzimia."

"Bonyeza."

Kuanzia hapo mambo yakawa laini kama hariri. Kila jioni nyumbani Fundi aliisimulia simu jinsi binti yake alivyokuwa akilala chini ya meza ya kukatia, juu ya vipande vya vitambaa, na jinsi alivyokuwa akiamka cherehani ikinyamaza. Mwalimu akasema hiyo ni kumbukumbu nzuri, akauliza mengine.

"Kinakuelewa kweli?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Neno kwa neno, mama watoto."

Na hakudanganya. Kitu kile kiliokota maneno yaliyovunjika, kikayaunga chenyewe kimya kimya, kama mke wa miaka mingi anavyojua mguno wa mumewe maana yake ni chumvi. Mtoto hawezi kuokota vipande.

Jumapili ile Fundi alivaa koti aliloshona mwenyewe. Mjukuu alitokea kwenye kioo cha simu, na paji la uso lilikuwa la mama yake hasa. Mkewe akashika kitambaa mdomoni. Fundi akaanza kusimulia.

Mtoto akamtazama shangazi yake. Fundi akarudia, kwa sauti zaidi. Shangazi naye akainamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Fundi akapandisha tena sauti, na kidole chake kikainuka kama kilivyozoea kuinuka mbele ya wanafunzi. Mtoto akarudi nyuma kwenye kiti, akamgeukia shangazi, akauliza. Na Fundi, kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamenolewa wiki nzima, akaelewa kila neno:

"Kwa nini babu ananigombeza?"

Alitaka kusema hapana, sikugombezi. Hakuwa ameiandaa sentensi hiyo. Kiti kikabaki kitupu, shangazi akapunga mkono, kioo kikawa cheusi.

"Amesema nini?" mkewe akauliza.

"Amechoka. Ni mtoto."

Ujumbe wa shangazi ulifika kesho yake. Mtoto ameogopa, hataki tena; tumwache mpaka awe mkubwa. Mkewe aliusoma, akamtazama mumewe anavyohema kwa kupanda ngazi tu, akairudisha simu mezani.

Fundi akaenda kwa Kidole.

"Washa kile cha kusahihisha."

"Mtoto amekubali tena?"

"Hajakubali."

"Sasa fundi, unajifunza ya nini?"

"Washa, nimesema."

Kidole akawasha. Fundi akaivuta simu karibu, akaianza hadithi pale pale, binti akiwa chini ya meza ya kukatia, na kabla hajavifikia vipande vya vitambaa, mwalimu akamkatiza.