Koboko Aliyemshinda Lugembe

Lugembe wa Ziba alikuwa na mikono ya kushika nyoka na mdomo wa kushika watu. Katika bayeye, chama cha wacheza na nyoka, hakukuwa na wa kumfikia. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na nani angembishia mtu aliyejivika swila shingoni kama tai ya mkuu wa wilaya?

Mwaka 1973 Daktari Pelagia, binti wa Nzega aliyerudi na shahada kubwa kutoka Ulaya, alifungua maabara ndogo nje ya mji wa Tabora. Alitaka dawa ya mtu aliyeumwa na koboko. Akamweleza Lugembe kazi yenyewe: punda anadungwa sumu kidogo, ya kumtia homa tu, kila wiki inaongezwa, na damu yake inajifunza kuunda askari wa kuipiga sumu ile. Baadaye damu inatolewa, askari wanachujwa, anadungwa mgonjwa.

"Lakini askari wa swila hamwezi koboko," Pelagia alionya. "Kila nyoka na askari wake. Niletee sumu ya koboko tupu, baba."

"Mwanangu, koboko wa Igunga wote wananiamkia shikamoo!"

Miezi mitatu alileta kweli. Kisha ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Vichaka vikafyekwa, vikachomwa, na koboko wakahama bila kuaga. Lugembe alizunguka Ziba hadi Lusu, akarudi na miiba tu.

Angesema? Thubutu! Kwa bayeye, fundi aliyeshindwa kumpata nyoka hutungiwa wimbo na kundi la wapinzani, akaimbwa hadi mavuno, na wajukuu zake wakaitikia. Na mpinzani wake, Ngollo wa Lusu, alikuwa na sauti inayovuka mabonde mawili. Basi Lugembe akamkamua swila ndani ya chupa ya koboko. Wiki hii tu, alijiambia. Wiki hiyo ikazaa miezi saba.

Pelagia alifurahi. "Punda wetu anakunywa sumu kama uji!" alisema, na Lugembe akajikuna kisogo.

Siku ya majaribio, panya kumi na wawili walidungwa sumu ya koboko iliyotoka Dar es Salaam, pamoja na dawa ya punda. Kufika adhuhuri wote walikuwa wamelala miguu juu.

"Baba," Pelagia akasema, "nakuuliza kama mwanao. Sumu ile yote ilikuwa ya koboko?"

Mlango ulikuwa wazi. Kibarazani walikaa vijana wawili wa Ngollo, wakisubiri lifti ya Landrova.

"Unamuuliza Lugembe habari za koboko?" alinguruma ili wasikie. "Kamuulize basi mama yako kama anajua kusonga ugali!"

"Nisamehe, baba. Basi damu ya punda haifai."

Akaandika hivyo kwenye ripoti, na Lugembe, kama shahidi, akaweka dole gumba. Wakubwa wakaifunga maabara. Pelagia akapelekwa Mpwapwa kuchunguza kupe wa ng'ombe. Siku ya kuondoka alimpa Lugembe shikamoo, akamshukuru kwa uaminifu wake. Mzee mwenye jibu kwa kila kitu aliitikia marahaba tu, kwa sauti ya mgonjwa.

Alikaa na jambo hilo moyoni miaka miwili. Ndipo akaenda kwenye ofisi ya mkoa, kwa karani mmoja aitwaye Sikuzani.

"Nataka kuongeza neno kwenye ripoti ya punda. Sumu ilikuwa ya swila."

Kalamu ya Sikuzani ikasimama. "Mzee! Nakala zilikwenda mpaka Ulaya. Kuna wataalamu waliotuuliza kama nao wajaribu punda. Tukawajibu wasijisumbue."

"Wajibuni tena."

"Kwa dole la nani? La yule aliyekwisha shuhudia?"

Lugembe akavua kofia, akaiweka mezani. "Basi niandikie barua ya kwenda kwa Daktari Pelagia."

Sikuzani akachukua karatasi. Lugembe akatamka salamu, kisha mvua, kisha ndama wa ng'ombe wake, kisha goti la kushoto. Ukurasa ukajaa.

"Na swila, mzee?"

Lugembe akainuka, akaichukua kofia yake.

"Hilo liandike wewe, mama. Mimi ngoja nitoke nje kwanza."