Sato wa Kumkaribisha Jirani

Nilifanya ujinga: niliambiwa jirani yetu mpya hali nyama, nikampelekea samaki. Kwa sisi wa Mwanza, nyama ni ya ng'ombe au mbuzi. Samaki ni samaki tu. Nikachagua sato mnene, nikamkaanga mzima na kichwa chake, nikavuka uchochoro kwa maringo. Mimi ambaye hata chumvi huwa naagiza mtu, siku hiyo nilijiona balozi wa ukarimu wa Mabatini nzima.

Jirani mwenyewe ni mama wa Kihindu, mjane, aliyehamia kutoka katikati ya mji. Tangu aje hakuna aliyembishia hodi. Tulishaamua kwamba hapendi watu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba vizuri kabisa, nikafunua sahani. Akarudi nyuma, akaziba pua kwa mtandio.

"Mwanangu, huyu ananiangalia!"

"Mama, si nyama, ni samaki."

"Alikuwa anaogelea?"

"Ndiyo."

"Basi mrudishe kwao."

Nikageuka niondoke, nikijua nimeharibu: nani tena angethubutu kuja kwake baada yangu? Nikaomba radhi, nikaahidi kurudi siku nyingine na maharage, nikishajipanga. Kumbe yeye ameshavuta kigoda, na chai ya tangawizi inachemka nyuma yake.

"Tangu nihamie hapa sijapata mtu wa kuongea naye, wewe unanipigia hadithi za maharage. Huyo samaki mwachie paka hapo nje, wewe ingia ukae!"