Mkwe Aliyenishikia Chungu

Daktari aliyenipa jina la hali yangu alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Wakati ananieleza kwamba mimi ndiye nisiyeweza kutuliza akili mahali pamoja, aliichungulia simu yake mara kwa mara mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Alisema ni upungufu wa umakini, na kwamba si wa watoto tu, mtu mzima anaweza kuzeeka nao bila kujua. Wapo ambao akili huwateleza kimyakimya, wakaonekana wazembe. Wapo ambao mwili haukubali kukaa, wanarukia hili na lile, wakaonekana wachapakazi au wakorofi, inategemea nani anawatazama. Na wapo waliochanganya yote mawili. Nilimsikiliza kwa adabu, ingawa aina hizo mbili za mwanzo nilikwisha kuishi nazo nyumba moja, karibu na bandari ya ziwani ya Itungi, miaka ile serikali iliposema biashara ni ruksa na kila mwenye miguu akaona ana mtaji.

Mimi nilikuwa aina ya kwanza, mume wangu aina ya pili. Yeye aliitwa mwanaume wa kazi. Mimi niliitwa mwenye dharau, na kwa sababu ya neno hilo nusura nirudishwe kwetu Njisi, ng'ombe wa mahari wadaiwe, na binti yangu ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea abaki kwao.

Kwa asiyejua desturi zetu Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa humwogopa baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hasemi naye, hakai alipokaa. Akimwona kwa mbali anaacha njia, anaingia migombani na kujifunika kanga mpaka mzee apite. Mzee naye hapaswi kumkaribia mkamwana wake, ingawa sehemu hiyo ya pili watu huisahau haraka, kwa kuwa haijawahi kumvunjia mwanaume nyumba. Sina ugomvi na desturi hiyo, ina heshima yake. Ila aliyeitunga alidhani kila mwanamke ana macho yanayokaa kazini kutwa nzima.

Yangu hayakai. Nilikwenda mtoni kuchota maji nikarudi na mboga, ndoo nimeiacha huko huko. Nilibandika maharage nikayakumbuka kwa harufu. Nilitumwa chumvi kwa jirani, nikafika, nikasalimia vizuri, nikamsaidia kupeta mchele wake wote, nikarudi mikono mitupu. Si kwamba nilikuwa sifikiri. Nilifikiri sana, ila jambo lingine. Na baba mkwe nilikutana naye uso kwa uso kwenye kona ya banda la ng'ombe, nikatimkia migombani wakati kila mtu amekwisha kuona kwamba nimechelewa.

Nilijitahidi, asije mtu akasema sikujitahidi. Nilifunga fundo kwenye pindo la kanga kila nilipobandika kitu jikoni, mpaka nikawa na mafundo mengi nisijue lipi ni la nini. Baadaye nikagundua kwamba dawa ya maharage ni kuhamia jikoni kabisa: ungo, mchele, mtoto na kigoda, vyote karibu na moto, nisiwe na sababu ya kunyanyuka. Maharage yakaacha kuungua. Lakini njia haina jiko, na baba mkwe alipita popote alipotaka.

Nyumba ile iliendeshwa na shangazi wa mume wangu, mjane aliyehamia pale mama mkwe alipofariki. Alikuwa mwanakwaya hodari na msemaji wa yasiyomhusu. Nikikosea, hakunikemea mimi. Alizungumza na jirani kwa sauti ya kunifikia.

"Huyu hasahau," alisema. "Mtu anasahauje kumwogopa mkwe? Ni dharau tu. Kule kwao wamezoea watu wa mpakani, hawajui mkwe ni nani."

Njisi na Itungi ni mwendo wa baiskeli. Kwa mdomo wa shangazi ilikuwa nchi nyingine, yenye watu wasiooga.

Sasa mtazameni aliyesifiwa. Asubuhi mume wangu alikuwa muuza mitumba. Mchana mitumba ameiacha kwa rafiki, amevuka mto Songwe kwenda Malawi kufuata sukari. Kabla sukari haijauzwa amesikia redio zinauzwa rahisi Karonga, amezifuata, na sukari imenyeshewa. Alinunua cherehani bila kujua kushona, na bila kumuuliza anayejua. Aliing'oa milango ya nyumba aitengeneze, katikati ya kazi akaitwa barabarani, tukalala na mapazia masika nzima, na masika ya Kyela si mvua za kulala na pazia. Alikula amesimama. Aliwamalizia watu sentensi zao, tena vibaya. Na watu wakasema, "Kijana ana damu ya biashara, wakati wao ndio huu." Miaka ile aliyekimbia alionekana anakwenda mahali, na hakuna aliyemuuliza wapi. Nyani haoni kundule, na ukoo ule ulikuwa na nyani wa kutosha.

Siku yenyewe nilikuwa nimekwenda Lyulilo, soko la ufukweni karibu na Matema, kununua vyungu vya wafinyanzi wa Kikisi nikauze Kyela mjini. Nilipomaliza, boti ya mashine ya kwenda Itungi ilikuwa inajaa. Vyungu vyangu vikapangwa juu ya majani makavu ya migomba, kasoro kimoja kikubwa kilichokosa nafasi. Nikapanda nacho mkononi, nikapita katikati ya watu, nikakaa kwenye ubao wa nyuma. Wote tulitazama mbele.

Chungu kile kilikuwa na michirizi myeupe na myekundu iliyozunguka shingo yake, na mfinyanzi alikuwa ameizungusha hivi kwamba mwisho ulikutana na mwanzo usione mahali. Nikawa natafuta mkono wake ulipoanzia. Nilitafuta kwa muda. Ziwa likaanza kuchafuka, boti ikayumba, nikahitaji mikono yote miwili ya kujishikilia. Nikamgusa bega mzee aliyekaa mbele yangu, nikamwita baba kwa lugha yetu.

"Tata, nishikie hiki chungu."

Mzee alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akakipokea, akakipakata. Nami nikahamia kwenye milima ya Ukinga, nikaanza kuwaza mtu anayeishi juu kule akitazama chini anaionaje boti yetu. Kimya kilichoingia botini nilikisikia baadaye, kama mtu anavyosikia kwamba mvua imekatika. Wanawake waliokuwa wakibishana bei ya dagaa wa usipa walikuwa wananitazama mimi.

Ndipo nikaiona kofia. Ilikuwa kofia ya kazi ya bandarini, buluu iliyopauka, na ukanda wote wa ziwa ulijua ni ya nani. Nilikuwa nimeikodolea macho tangu Lyulilo. Niliyemgusa bega na kumtuma anishikie mzigo alikuwa baba mkwe wangu. Nikajifunika kanga kichwa kizima, nikakaa vile mpaka mwisho wa safari, natamani boti izame, kwa kuwa aibu ilikuwa imenifanya nisizijali roho za wenzangu.

Tulipofika, mzee alishuka, akakiweka chungu mchangani taratibu, akaenda zake bila kutazama nyuma.

Wale abiria siwasamehe hadi leo. Waliniona napanda, waliiona kofia, waliniona nakaa. Mmoja angenikanyaga mguu, jambo lingeishia hapo. Hapana, walitaka kuona. Na miguu iliyokuwa mizito kunikanyaga ikawa myepesi ya ajabu kufika kwa shangazi, kwa kuwa nilipofika nyumbani na vyungu vyangu alikuwa tayari amejifunga kanga kiunoni.

Wazee wa ukoo waliitwa. Wao walikaa barazani, mimi nilikaa ndani nyuma ya ukuta wa mianzi na mtoto mapajani, nasikia kila kitu. Shangazi alieleza kwa machozi. Alianza na ndoo ya mtoni, akapita kwenye maharage, akafika kwenye boti, na kila kitu kilikuwa dharau. Mzee mmoja akasema ng'ombe ni wa kurudishwa, mtoto ni wa ukoo. Alilisema hilo kama anayegawa ndizi. Nikamshika binti yangu kwa nguvu mpaka akalia.

Mume wangu alikaa mwanzoni. Nilimsikia anavyogonga goti, anavyonyanyuka kutazama barabara, anavyokaa tena. Halafu mwendesha baiskeli akapita akasema sukari imeingia Kasumulu, mpakani.

"Wazee, mtaniambia mtakaloamua," mume wangu akasema, na akaondoka.

Nilingoja mtu aseme ni dharau. Walicheka. "Hakai huyo," wakasema, "mtafutaji huyo." Ndoa yangu inajadiliwa, mwenye ndoa amefuata sukari, na shangazi ambaye macho yake yalikuwa bado yana maji akacheka nao. Niliwadharau wote siku ile, kwa moyo safi kabisa, na hilo ndilo neno la kweli pekee walilopata kuhusu mimi.

Baba mkwe hakucheka. Hakuwa mtu wa maneno, wala busara hawakumsingizia. Wakati wa mikutano wengi walidhani amesinzia. Alikohoa.

"Mnasema hakuniona."

"Ndiyo, hakukuona," wakajibu.

"Na mimi nilimwona?"

Mtu akasema yeye alikuwa mbele, mgongo amewapa wa nyuma.

"Nilipanda mimi kwanza," mzee akasema. "Nilikuwa nimekaa natazama wanaopanda. Amepita hapa, karibu na goti langu, ana chungu mkononi. Sikumwona. Nilikuwa na mambo yangu kichwani. Nimejua ni yeye kwa sauti, na chungu nimeshakipakata."

Aliyesema ng'ombe warudishwe akavuta kigoda chake nyuma.

"Desturi imetufunga wawili," akaendelea. "Mkimrudisha yeye Njisi, mimi mnanirudisha wapi? Maana nimeshawahi kurudishwa. Mnasema nilistaafu bandarini. Sikustaafu. Niliacha mizigo ya watu kwenye mvua nikitazama ziwa, si mara moja, wakaniambia nenda nyumbani. Na huyo mnayemsifu ni mwanangu. Kichwa changu ndicho amekichukua, ila yeye kimemshukia miguuni."

Sijawahi kusikia wanaume wazima wakikohoa vile. Na wazee wakaamua kama wanavyoamua daima aibu ikishafika kwa mwanaume, kwamba jambo lenyewe ni dogo. Shangazi akaenda kuandaa chai. Kwa upande wangu, hakuna aliyeniuliza kitu, wala aliyeniambia pole. Niliambiwa nitoe vikombe.

Baada ya hapo baba mkwe alifungua kengele kwenye baiskeli yake na kutembea nayo mkononi. Akikaribia kona ya banda, anaipiga. Akielekea mtoni, anaipiga. Mimi nikafunga vijiko vya bati kwenye mkono wa ndoo, nikitembea vinagongana. Tulisikika migombani kama ng'ombe wawili wa mmiliki mwenye wasiwasi. Shangazi alisema tunaitia nyumba aibu, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kwamba ana masikio. Nilikaa katika nyumba ile, nikamlea binti yangu, na milango niliitafutia fundi mwingine.

Mume wangu naye nilijifunza kumwendesha. Sikumwambia akae, hilo ni kumwambia maji yapande mlima. Nilimpa kazi fupi zenye mwisho ndani ya siku, na kuuza mchele nikakushika mwenyewe ili kuwe na biashara moja isiyohama. Anatembea mpaka leo. Bado wanamsifu.

Mzee alifariki miaka mingi iliyopita. Uso wake sikuwahi kuutazama sawasawa, kwa hiyo siwezi kuwaambia alifanana na nani. Binti yangu, ambaye ndiye aliyenipeleka kwa daktari, anasema alikuwa na macho ya mtu aliyeko mbali.

Daktari alipomaliza maelezo aliweka simu chini, akaniuliza kama nimewahi kuzungumza na mtu mwenye hali kama yangu, kwa kuwa husaidia sana. Nikamwambia ndiyo, mara moja tu.

"Alikujibu nini?"

"Hakunijibu," nikamwambia. "Alinishikia chungu mpaka Itungi."